Bakuli la Mtaa

Siku ya kwanza niliomba mtaa.
Nilisema "fo", sauti nikaipandisha
kama mtu anayeuliza,
na Bi Thoa, upawa mkononi, akanitazama,
akatazama uchochoro, kushoto, kulia,
akaangua kicheko hadi mvuke ukayumba.
Mjukuu wake Khoi ndiye aliyenifumbulia:
jina la chakula huchuchumaa kwanza, kisha huinuka.
Mimi, kwa kupandisha tu,
nilikuwa nimeagiza barabara nzima,
bakuli moja, bila pilipili.

Basi nikajifunza kuchuchumaa.
Viti vya plastiki vya Hanoi ni vya kimo cha watoto;
magoti yalinipanda hadi masikioni
na mgongo wangu wa ofisini ukaomba radhi.
Jirani yangu, fundi saa aitwaye Tue,
alikula pua ikiwa ndani ya mvuke,
akifyonza tambi kwa mlio
ambao mama angenifukuzia mezani.
Siku ya nne nami nilifyonza hivyo hivyo.

Mchuzi hutiwa moto saa nane za usiku.
Mifupa, tangawizi iliyobabuliwa hadi ganda likawa mkaa,
mdalasini, karafuu mbili tatu
(hapo pua yangu ilisimama, ikauliza:
na wewe umefikaje huku?)
na vinyota vya kahawia nisivyovijua jina.

Kuvuka barabara nilifundishwa na mwanamke
aliyebeba mapera kwa mzegazega.
Hakusema neno. Alinishika ukosi wa mkono wa shati
akaingia nami katika mafuriko ya pikipiki,
polepole,
na pikipiki zikatupisha:
moja na friji,
moja na mchungwa mzima, machungwa yakining'inia,
moja na baba, mama, watoto wawili
na samaki wa dhahabu ndani ya mfuko wa maji.
Nilipofika katikati ndipo nilipong'amua
kwamba anayesita ndiye anayegongwa.
Ng'ambo ya pili aliniuzia mapera kwa bei ya mgeni.
Nililipa. Ilikuwa karo.

Februari, mvua ya huko hainyeshi, inakaa tu hewani.
Kuta zinatoka jasho. Soksi zangu
zilikaa kambani siku sita na hazikukauka.

Asubuhi moja moto haukuwashwa.
Khoi alinikuta ngazini akaniambia:
Bibi anakuita. Leo babu anarudi kula.

Juu, chumba kimoja, rafu moja,
picha ya Bwana Tuong, kola imefungwa hadi kooni,
na mbele yake bakuli lisilo na kitunguu
kwa sababu hakukipenda,
na kufa hakukumbadili.
Tulimsubiri amalize. Udi ndio uliokuwa saa yetu;
ulipokwisha, Bi Thoa akatugawia.
Kilikuwa kimepoa. Hakuna aliyelalamika.

Kisha uani, ndani ya bati la biskuti,
Khoi alichoma pikipiki ya karatasi,
nyekundu, na vioo vyake, na funguo zake za karatasi.
Bi Thoa alisema jambo fupi, na mimi,
niliyekuwa nikijua hesabu hadi kumi
na namna ya kukataa pilipili,
nilimwelewa kabla Khoi hajatafsiri:
maisha yake yote alipanda baiskeli.

Moshi ulichuchumaa pale kwenye bati.
Kisha ukainuka.

Siku ya kuondoka nilifika na begi mgongoni
nikaagiza vizuri, sauti ikishuka
na kupanda pale inapostahili, bila kosa.
Fundi Tue aliinua uso, akaniitikia kwa kichwa.
Bi Thoa hakucheka. Alisimama na upawa wake,
kama aliyepewa noti asiyoizoea,
halafu akaniuliza, sauti akiipandisha makusudi:
Mtaa?

Nikasema ndiyo.
Mmoja.
Leo tia pilipili.